Ubeti Uliopotea Katikati ya Mbio

Hamravík, Visiwa vya Faroe
11 Januari 1998

Dada yangu Elspa,

Barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Kaj, na goti lake liwe limepoa. Sisi huku hatujambo. Rannvá anakusalimu sana na anasema sweta yako imebaki mkono mmoja tu. Upepo umetupiga tangu Krismasi. Feri haikuonekana kwa siku kadhaa, na paa la zizi la Zakaris liliruka likatua kwa jirani yake, ambaye sasa anadai ni lake kwa kuwa limekuja lenyewe.

Nakushukuru tena kwa zile wiki ulizokaa nami Kopenhagen. Nilipofumbua macho baada ya upasuaji nilikuona wewe wa kwanza, unafuma, umenuna, kana kwamba nilikwenda kupasuliwa kifua kwa makusudi. Nilifurahi mno kukiona kile kinywa kilichonuna. Nilijua bado niko duniani.

Vali mpya ya moyo inafanya kazi. Nyumba ikiwa kimya inasikika, tik, tik, na Rannvá anasema miaka yote hii alikuwa akinidai saa ya ukutani na sasa amepata. Nimewatumia paja la kondoo, lile letu la kukaushwa kwa upepo, limening'inia bandani tangu Oktoba. Mle taratibu.

Nina mambo mawili. La kwanza, daktari alisema wewe ukiwa umekaa palepale kwamba vali mbovu kama yangu hutembea kwenye damu ya ukoo, na ndugu wa mgonjwa wakapimwe. Je, umekwenda? La pili, ukisikia kwa mtu yeyote kwamba nimeonekana kwenye banda la mashua, ujue naipaka rangi Snípan. Imechubuka vibaya, na mashua ya kijiji haiwezi kwenda kwenye mbio za sikukuu ya Ólavsøka mwezi wa saba ikiwa na sura ile. Naipaka rangi tu, dada.

Mdogo wako,
Hanus

*

Esbjerg, 2 Februari 1998

Mdogo wangu Hanus,

Tumepata barua na tumepata paja. Mtu wa posta alilileta amenyoosha mikono mbele, amegeuza uso pembeni. Kaj alilipeleka kwenye roshani moja kwa moja, na kabla ya jioni mama wa ghorofa ya chini alipanda kuuliza kwa upole kama kuna mtu amefariki. Nimekuwa nikilila hukohuko roshani, nimesimama, nimevaa koti, na nimelia kidogo kwa utamu. Kaj alionja akasema ni kama kulamba zizi, kisha akarudi kuomba kipande kingine. Goti lake linaendelea vizuri. Mwambie wifi yangu asiharakishe sweta, ila asiisahau.

Sasa tuongee. Nimekaa Denmark miaka thelathini lakini sijageuka mjinga. Hakuna mtu anayepaka mashua rangi mwezi wa kwanza huko kwetu. Rangi haikauki mpaka Mei. Ungeniambia unafagia banda ningekuamini.

Hanus, mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya Baba siku ile tulipokuwa tunaivuta mashua nchi kavu baada ya mazoezi, nimeshika kamba moja naye. Alisema, "Ngojeni kidogo," akakaa chini kwenye mawe kama mtu anayetaka kufunga kamba za viatu, na hakuinuka tena. Hatukujua habari za vali wala za nini. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na wewe mwezi wa tisa unaifikia. Hospitalini uliniahidi kwamba makasia basi. Nilikuuliza, nawe ukakubali. Ahadi hiyo ninayo mimi, na sikurudishii.

Kula vizuri, tembea, lisha kondoo. Hayo yanatosha kumfurahisha mtu mzima.

Dada yako,
Elspa

*

Hamravík, 22 Machi 1998

Dada Elspa,

Nisamehe kwa kukawia. Kondoo wamenishughulisha, halafu kalamu ilipotea, halafu nilikuwa nakuogopa. Ungeweza kupiga simu, lakini sote tunajua simu yetu huishaje: wewe unapaza sauti, mimi nanyamaza, na mwisho unampa Kaj mkono wa simu, nami nabaki naongea Kidanishi habari za hali ya hewa. Heri tuandikiane kama alivyokuwa akifanya Mama.

Ahadi unayoisema uliiomba nikiwa na bomba kooni. Mtu mwenye bomba kooni hatoi ahadi. Anatikisa kichwa ili aachwe apumzike.

Basi nakueleza ukweli wote. Daktari wangu wa Tórshavn, mama mmoja makini asiyecheka ovyo, alinipandisha kwenye baiskeli isiyokwenda popote, akanibandika nyaya kifuani, akaniendesha mpaka nikalowa. Akasema mfupa wa kifua umeunga vizuri na vali inafanya kazi yake. Nikamuuliza kuhusu makasia. Alifikiri, kisha akasema nianze pole pole, nisibane pumzi kama mtu anayenyanyua jiwe, nisiache dawa ya kuzuia damu kuganda hata siku moja, na niwe na kipimo kimoja: nikiwa navuta, niweze kusema. Siku nitakapovuta nikashindwa kusema, nilegeze palepale. Nikamuuliza niseme nini. Akasema chochote.

Unanijua, mimi si mtu wa maneno mengi. Lakini tenzi zetu za kuchezea ngoma, zile Baba alizokuwa akituimbisha jikoni, ninazo zote kichwani. Kwa hiyo nikiingia kwenye mashua naanza ule wa Haraldur na binti wa jitu, ubeti baada ya ubeti, kasia baada ya kasia. Haraldur anamuaga mama yake, anapanda farasi, anavuka mlima, na kadhalika. Siku za mwanzo wenzangu walitaka kunitosa baharini. Zakaris, aliyeshika usukani, alisema ameongoza mashua tangu ujana wake bila kulazimika kusikiliza harusi ya jitu. Wiki iliyopita nilimsikia anaitikia kiitikio.

Nimefika mpaka anapokutana na jitu, bila kulegeza.

Naona barua yako ina habari za paja na za goti, na haina jibu la swali langu. Umekwenda kupimwa?

Hanus

*

Esbjerg, 14 Aprili 1998

Hanus,

Kaj hajambo. Goti halijambo. Mimi sijambo. Kumekuwa na mvua.

Nimesoma barua yako nikaiweka kwenye droo ya visu. Nimekasirika hivi kwamba nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Sitaki kusikia habari za baiskeli wala za huyo mama makini. Yeye hakuwa ameshika kamba ile.

Usiniulize tena mambo ya kupimwa. Nina shughuli zangu.

Elspa

Na umekosea. Haraldur anapanda farasi kwanza, ndipo anamuaga mama yake, kutoka juu ya farasi. Ndiyo maana mama anamshika mguu. Baba angekufukuza kwenye duara la ngoma.

*

Hamravík, 17 Mei 1998

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Wana-kondoo wamezaliwa wengi na wazima. Sweta imekwisha, Rannvá ameituma kwa meli, na amesema ukiiona inabana usimwambie. Jirani wa Zakaris amerudisha paa, ila misumari amebaki nayo.

Safari hii sitakutania.

Nataka ujue ninavyoishi. Tangu nirudi kutoka Kopenhagen, kijiji kizima kinanibeba kama yai. Nikienda dukani, mtu ananipokonya mfuko. Nikishika uma wa nyasi, mtu anautoa mkononi mwangu, tena ananipigapiga bega taratibu kama anayembembeleza farasi mzee. Wakati wa ngoma ya mwezi wa pili, watu waliposhikana mikono na duara likaanza kuzunguka, mimi waliniletea kiti. Kizuri, chenye mto. Nilikaa pale nikatazama migongo ya watu wanaocheza utenzi wa Baba. Waliniletea na keki.

Dada, sikupasuliwa kifua ili nikalie kiti. Naogopa, tena sana. Zipo asubuhi ambazo naisikiliza vali hii na sithubutu kuinuka. Lakini mahali pekee ambapo sijawa mgonjwa tangu mwaka jana ni ndani ya Snípan, kwa sababu mle hakuna anayeweza kunipokonya kasia bila mashua kwenda mrama. Nikitoka mle nikiwa nimelowa na mikono imechubuka, ni mimi. Nataka kupiga makasia Ólavsøka, mbele ya watu, mara moja. Baada ya hapo wakitaka kuniletea kiti, nitakikalia.

Mama makini amenipima tena na ameridhia, kwa kipimo kilekile cha kusema.

Tatizo lililopo si moyo wangu. Pætur, mvutaji mwenzetu, ameitwa kwenye meli yake ya uvuvi na hatarudi kabla ya Agosti. Vijana wako baharini au wako huko kwenu Denmark. Zakaris amekubali kuchukua kasia la Pætur, kwa hiyo usukani hauna mtu. Na mimi nimepewa kiti cha nyuma kabisa, kile kinachotoa mwendo, ili mashua nzima iende kwa nafasi ya pumzi yangu.

Nakuomba uje ushike usukani wewe.

Fikiri kabla hujafua mapazia. Sisi wavutaji tunakwenda kinyumenyume, hatuoni mbele, tunamwona mshika usukani tu. Naye wa kwanza kumwona ni aliyekaa kiti changu. Magoti yetu yatakaribia kugusana. Hakuna mtu kwenye kisiwa chote atakayeniona vizuri kuliko wewe. Ukisema acha, nitaacha, hata kama limebaki kasia moja. Hiyo ni ahadi, na safari hii sina bomba kooni.

Ndugu yako,
Hanus

*

Esbjerg, 28 Juni 1998

Mdogo wangu Hanus,

Sweta imefika. Inabana. Mwambie wifi yangu imenikaa vizuri ajabu.

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Nilijaribu kuijibu mara nyingi na kila jibu lilikuwa hapana, na kila hapana ilinifanya nikuone umekaa kwenye kile kiti chenye mto, na keki. Mwishoni nilimsomea Kaj. Alisikiliza yote, akanywa kahawa yake, akauliza kama kwenye feri wanaruhusu mtu kunyoosha mguu. Basi, nikakata tiketi.

Sijashika usukani tangu nilipokuwa msichana, lakini mikono haisahau. Mwambie Zakaris anyamaze, maana najua ameshaanza kusema. Mkumbushe ni nani aliyeigongesha mashua kwenye gati mbele ya kasisi, na hakuwa mimi.

Hizi ndizo amri zangu. Utaimba utenzi tangu bendera inaposhuka mpaka mwisho, kwa sauti ya kunifikia. Nikikosa kuusikia, nasimamisha mashua, hata kama tunaongoza, hata kama askofu mwenyewe anatazama. Na beti utaimba kwa mpangilio wake.

Lile jambo lako lingine tutazungumza nikifika.

Tunakuja na feri ya mwezi wa saba, wiki moja kabla ya sikukuu. Kaj analeta mto wake mwenyewe.

Elspa

*

Esbjerg, 9 Agosti 1998

Mdogo wangu mpenzi,

Tumefika salama. Kaj alitapika tangu Tórshavn mpaka bandari ya huku, na bado anasema hajawahi kupata safari nzuri kama hiyo. Anamhadithia kila mtu mtaani. Kwa mujibu wake mawimbi yalikuwa makubwa kuliko kanisa, na sasa namsikia akisema "sisi wa Snípan".

Nakuandikia mbio zile kwa sababu wewe hukuziona. Ulikuwa umegeuzia mgongo kila kitu, unanitazama mimi, na usiku ule kwenye ngoma kila mtu alikuwa na hadithi yake, Zakaris akiwa na tatu. Mimi ndiye niliyeona mbele, basi acha nikuambie.

Bendera iliposhuka, zile mashua nyingine sita ziliondoka kama zimefukuzwa. Vijana watupu, mabega kama milango. Sisi tukabaki nyuma palepale, mabwana sita wenye mvi na mwanamke mmoja kwenye sweta inayobana. Nilikusikia ukianza, "Haraldur aliamka alfajiri," na kasia likaingia majini kwenye neno "alfajiri", na wenzako watano nyuma yako wakaingia nalo. Sikujua kama mnaweza kuvuta hivyo. Mashua ilikwenda kama inateleza kwenye mafuta. Nilitazama mbele mara moja, nikakutazama wewe mara tatu. Rangi ya uso wako, midomo, kucha zako kwenye kasia, vyote nilivitazama. Nilikuwa na neno "acha" tayari mdomoni kama peremende.

Tukapita nusu ya njia. Pale gatini, watu wote waliovaa vizibao vyao vilivyotariziwa na vifungo vya fedha, nilianza kuona nyuso zao. Na hapo ukanyamaza.

Hanus, sijui kama unaelewa. Mdomo ulikuwa wazi na haukutoa kitu. Macho yako yaliniangalia mimi lakini hayakuwa yananiona. Kasia lilikuwa likienda bado, moja, jingine. Nilimwona Baba anakaa kwenye mawe. Nilivuta pumzi ya kusema neno langu. Ndipo ukasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetafuta chumvi jikoni:

"Elspa, ubeti unaofuata unaanzaje?"

Nilitaka kukupiga kwa kamba ya usukani.

"Anapanda farasi, mpumbavu wewe," nikasema. "Anapanda farasi kwanza, ndipo anaaga."

Zakaris alianza kucheka. Ukaanza na wewe, kisha wote sita, na mashua ya kijiji cha Hamravík ikaenda upande mbele ya kisiwa kizima kwa sababu wavutaji wake walikuwa wamejikunja kwa kicheko. Mimi nililia. Mlidhani nacheka, na ilikuwa vyote viwili. Nikasema kwa sauti ya Baba, ile ya kuongoza ngoma, "Akapanda farasi," nanyi mkaitikia wote pamoja, na sasa haikuwa sauti yako peke yako, ilikuwa mashua nzima inaimba. Kile usichokiona ni gati. Wazee walioko mbele walitusikia, wakaitikia kiitikio. Kisha waliokuwa nyuma yao. Niliona bibi mmoja ameshika mkono wa polisi, anaucheza utenzi palepale. Tuliwapita wale vijana wa mwisho kwenye hatua za mwisho kabisa, na sidhani kama walishindwa kwa nguvu. Nadhani walikuwa wanasikiliza hadithi.

Wa sita kati ya saba. Katika maisha yangu sijawahi kufurahi hivyo.

Sasa yale uliyoniuliza tangu Januari, na ambayo nilisema tutazungumza nikifika, halafu kila ulipofungua mdomo nikakimbilia jikoni kumsaidia Rannvá. Sikuwa nimekwenda kupimwa, Hanus. Nilikuwa naogopa. Nilikukataza makasia kwa kelele zote zile, na mwenyewe nilikuwa nashindwa kupanda ngazi mbili za ghorofa yetu bila kusimama kujifanya natafuta funguo. Niliogopa kuambiwa kwamba mimi ndiye Baba.

Jumanne iliyopita nilikwenda. Ni vali ileile, inavuja kama yako ilivyokuwa. Wanataka kuibadilisha mwezi wa kumi na moja, Kopenhagen. Nimekubali palepale, nikauliza kama naruhusiwa kula nyama ya kondoo. Ningeambiwa habari hizo mwezi wa tano ningejilaza kitandani nikangoja kufa. Lakini nimekaa magoti yakigusana na mtu aliyepita njia hiyo, mwekundu kama kaa, jasho likimtiririka, na tatizo lake pekee duniani ni kwamba amesahau ubeti.

Usimwambie Zakaris kwamba nililia.

Dada yako,
Elspa

*

Hamravík, 1 Septemba 1998

Dada Elspa,

Rannvá anakusalimu na anakukumbatia. Kondoo wamenona. Salimia sana shemeji wa Snípan.

Nilisoma barua yako bandani, nimekaa ndani ya mashua ikiwa juu ya magogo yake. Nililia mpaka nikamaliza, kisha nikaisoma tena sehemu ya gati nikacheka. Zakaris aliingia akanikuta katikati ya kilio na kicheko, akakaa kwenye kiti chake. Nimemweleza habari za vali yako. Amesema nikuambie kwamba usukani wako ulikuwa mzuri, na neno hilo hajawahi kumpa mtu.

Nitakuja mwezi wa kumi na moja. Wewe ulikaa na mimi, nami nitakaa na wewe. Rannvá ananifundisha kufuma ili nifanane na mtu anayemlinda mgonjwa. Kitu ninachofuma hakijajulikana bado ni nini.

Nina shauri moja, na ni la mtu aliyekwenda akarudi. Kabla ya kukulaza watakuambia uhesabu. Usihesabu, maana namba hazina mwisho na huachi alama yoyote. Anza utenzi. Utakapofikia pale usingizi unapokuchukua, weka kidole. Ukiamka, utaendelea ulipoishia.

Hakuna anayeniletea kiti tena. Juzi kwenye harusi ya binti wa jirani wa Zakaris nilicheza duara zima, na nilipotoka nje kupumua, mtu alinipa mfuko wa viazi nimbebee.

Hanus wako

*

Esbjerg, 6 Desemba 1998

Mdogo wangu Hanus,

Niko nyumbani tangu juzi, na mwandiko huu unaotetemeka ni wangu, si wa Kaj. Kaj anapika. Tunakula viazi asubuhi, mchana na jioni, na sina neno la kusema kwa sababu anaimba akivimenya. Nyumba ikiwa kimya tunaisikia vali yangu. Kaj amesema ina mwendo wa haraka kuliko yako, na anajivuna nayo.

Asante kwa kuja. Najua ukungu ulikuzuia kule uwanja wa ndege siku mbili na ulikaribia kuja kwa kuogelea. Kile ulichofuma ninacho mabegani. Nimeamua ni shali.

Kwa kuwa ulichelewa, kuna jambo hukuliona, na nilimkataza Kaj asikuambie ili nikuandikie mwenyewe. Walinilaza pale chini ya taa, kijana mmoja mwenye barakoa akaniambia nihesabu kwenda nyuma. Nikamwambia mimi sihesabu. Nikaanza, "Haraldur aliamka alfajiri." Alimtazama mwenzake. Nikafika kwenye viatu, nikafika kwenye upanga, nikafika mlangoni ambapo farasi ameshikwa na kijakazi, na hapo sikumbuki tena.

Walipoliondoa lile bomba kooni, Kaj anasema sikumwuliza ni saa ngapi wala kama niko hai. Nilisema maneno kwa lugha yetu, kwa sauti kama ya chura, nikayarudia. Muuguzi aliinama, akadhani naona vitu visivyokuwepo, akamgeukia Kaj amuulize mgonjwa anataka nini. Unajua Kaj. Miaka thelathini ndani ya nyumba yangu hajajifunza neno la Kifaroe zaidi ya kahawa na kondoo. Akatega sikio, akayatambua maneno yale ya gatini. Kisha akasimama wima, machozi yanamtoka, akamwambia yule muuguzi:

"Anasema amepanda farasi."

Daktari wangu amesema ikifika masika naweza kuanza kuvuta kidogo kidogo, kwa kipimo kile kile cha kusema. Nimesikia kutoka kwa Rannvá kwamba wanawake wa Hamravík wamepungukiwa na mtu mmoja kwenye mashua yao, na kwamba hawajali umri. Waambie mtu wamempata. Niwekeeni kasia, kiti cha nyuma kabisa. Usukani ushike wewe, ukae unitazame usoni mpaka mwisho wa njia, na mimi sitasahau ubeti.

Dada yako,
Elspa